Hasi Mia Tatu na Hamsini

Aloo alikuwa na tatizo moja tangu utotoni kule Shirati: akikasirika, anacheka. Hacheki kwa dharau, wala hapendi kucheka hivyo. Hasira ikimpanda humtekenya mbavu, na akishaanza hazuiliki. Walimtoa kwenye kwaya kwa sababu hiyo, na mchumba wake wa kwanza alimkimbia kwa sababu hiyohiyo, maana hakuna mwanamume anayefurahia kugombana na mtu anayejipigapiga mapaja kwa kicheko.

Na Ijumaa hiyo alikuwa na kila sababu ya kukasirika.

Aloo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha matarumbeta pale Igogo, Mwanza, watu sita wanaopanda nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kuwasindikiza maharusi kutoka kanisani mpaka ukumbini. Kesho yake walikuwa na harusi Kiseke. Besi lao, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu, lilikuwa limepasuka shingo, nalo lilikuwa kwa fundi Nestory likichomelewa. Nestory alikuwa mtu mwema sana, ila chombo kilikuwa hakitoki kibandani kwake bila hela. Hela yenyewe ilikuwepo. Baba wa bwana harusi alikuwa ametanguliza laki moja kwenye akaunti ya kikundi. Aloo akaenda mjini, akaingiza kadi kwenye mashine, na mashine ikamwonyesha elfu thelathini na tisa na kitu.

Akaitoa kadi, akaifuta kwenye sketi, akairudisha. Elfu thelathini na tisa na kitu.

Ndipo akaingia ndani ya benki na kukaa kwenye foleni ya huduma kwa wateja. Nyuma yake alikaa mzee mmoja mrefu, mwenye kofia ya pama na fimbo ya kuchungia, aliyenukia maziwa. Aloo akamwamkia, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri muda mrefu.

Zamu ya Aloo ilipofika, kijana wa kaunta aliyeitwa Jonathan, mwenye tai nyekundu iliyombana shingo, aligonga kompyuta yake kidogo.

"Dada, mwezi uliopita akaunti yenu ilisoma hasi."

"Hasi ngapi?"

"Hasi mia tatu na hamsini."

"Elfu?"

"Hapana. Shilingi."

Aloo akamtazama. Jonathan akaeleza kwa upole: mlijaza mafuta kwa kadi, siku hiyohiyo ikakatwa ada ya mwezi, ikapungua kidogo tu, ikavuka sifuri. Hapo ikaingia tozo ya kutumia zaidi ya salio, elfu kumi na tano. Wiki iliyofuata ikatozwa tena. Na iliyofuata. Na iliyofuata.

"Kwa nini ikatozwa tena?"

"Kwa kuwa ilikuwa hasi."

"Na ilikuwa hasi kwa nini?"

Jonathan akaangalia kompyuta, akamwangalia Aloo, akairudia kompyuta. "Kwa sababu ya tozo," alisema.

Aloo akauhisi mkono ule usioonekana ukimgusa ubavuni. Akang'ata mdomo. Akafikiria misiba. "Yaani," alisema polepole, "mmenitoza kwa kuwa sina hela. Na kwa kuwa sina hela ya kulipia kutokuwa na hela..."

Hakumaliza. Kilimtoka kicheko kikubwa, chenye pafu la mpiga tarumbeta, kikagonga vioo vya benki na kurudi. Jonathan alisema, "Dada, tafadhali," na lile neno tafadhali likamwongezea. Akainama, akajishika kaunta, machozi yakamtiririka. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kuna nini, jirani yake akamwambia, "Amedaiwa mia tatu na hamsini, akalipa elfu sitini," na yule mama naye akaangua. Mlinzi mlangoni alitoa sauti kama puto linalotoka upepo, kisha akajifanya anakohoa. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa umeshikwa. Hata watu waliokuwa hawajui kinachochekwa walikuwa wanawachekea wanaocheka.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka meneja, Bi Evelina, mama mwenye miwani ya mnyororo ambaye wafanyakazi wake walikuwa hawajawahi kuyaona meno yake.

"Hapa ni benki," alisema. "Kuna nini?"

Aloo akajitahidi. "Mama... mia tatu... bila kujua... ndani ya hiyo mia tatu... elfu sitini..."

"Jonathan, eleza."

Jonathan akasimama, akaeleza yote kwa mpangilio mzuri, hatua kwa hatua, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Alipofika kwenye tozo ya tozo, pua ya Bi Evelina ilicheza. Akageuka ghafla, akaanza kusoma tangazo la mikopo ya nyumba lililobandikwa ukutani. Alilisoma muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alipogeuka, miwani ilikuwa na ukungu. "Mfutie," alisema. "Zote. Mamlaka hayo ninayo."

"Mama, tangu nimeanza kazi hapa hatujawahi kumfutia mtu."

"Hakuna aliyewahi kuniomba. Ila lazima ipite makao makuu. Hela itaonekana Jumanne."

Jumanne! Harusi ilikuwa kesho. Kicheko cha Aloo kikataka kuanza upya, lakini kabla hakijatoka, yule mzee wa fimbo alipita mbele na kuegemea kaunta.

"Na mimi niangalieni," alisema. "Naitwa Ndalahwa. Natoka ng'ambo ya ziwa, Kamanga."

Jonathan akagonga, akasoma, na safari hii uso wake wenyewe ukabadilika. Mzee Ndalahwa alikuwa amelipa ada ya shule ya wajukuu, akabakiza kidogo, ada za benki zikakimaliza na kuzidisha shilingi arobaini. Tangu hapo, kila hela ya maziwa aliyoiweka ilikuwa inamezwa na tozo.

"Kwa hiyo hela yangu imeliwa na nyie?" aliuliza mzee.

"Ndiyo, mzee."

"Nyie wenyewe? Si mimi?"

"Si wewe, mzee."

Mzee Ndalahwa akaiinua fimbo yake juu, mlinzi akashtuka, lakini mzee alikuwa anapiga kigelegele. Mwanamume mzima, ndani ya benki.

"Mke wangu anasema nina nyumba ndogo Mwanza!" aliwatangazia watu wote. "Miezi yote hii! Maziwa yanakwenda, hela hairudi, namwambia iko benki, ananiuliza huyo Benki ni binti wa nani! Naoga maji ya baridi! Ugali nawekewa mlangoni!" Akamgeukia Bi Evelina. "Mama, hela rudisheni hata mwakani. Mimi nampa taabu moja tu huyu kijana: aje amwambie Odeta kwa mdomo wake."

"Tunaweza kumpigia simu," alisema Jonathan haraka.

"Atasema nimekulipa ujifanye benki."

Bi Evelina alimtazama Jonathan kuanzia tai mpaka viatu. "Tukifunga, panda kivuko," alisema. "Ukirudi uniambie alivyopokea."

Mzee akawa hatulii. Akamkamata Aloo mkono. "Mjukuu wangu, nimesikia akaunti yenu ni ya matarumbeta. Mimi sirudi kimyakimya. Mtu akisingiziwa kijiji kizima kikajua, akisafishwa pia kijiji kijue." Akafungua kifundo cha leso. Alikuwa ametoka kuuza mbuzi asubuhi hiyo. Hela aliyoitoa ilitosha kulikomboa besi na kuwanywesha soda vijana wote sita.

Fundi Nestory alihesabu, akalikabidhi besi, akauliza harusi imewahishwa au vipi. Aloo akamwambia hapana, ni mzee anarudi kwa mkewe. Nestory akafunga kibanda, akawafuata.

Walipiga tangu waliposhuka kwenye kirikuu mpaka ndani ya kivuko. Abiria wenye matenga ya nyanya walicheza, kondakta alisahau kuwadai nauli watu kadhaa, na pikipiki tatu zilizopakiwa mbele zilikuwa zinapiga honi kwa mapigo. Jonathan, mtu wa Dodoma ambaye maji mengi aliyoyazoea ni ya ndoo, alilishika tenga la nyanya kwa mikono miwili na kufumba macho. Ziwa lilikuwa linang'aa, upepo ukamrushia tai begani, na mzee Ndalahwa akawa anamzunguka kwa kucheza, akimwimbia kwa Kisukuma maneno ambayo hakuna aliyekubali kumtafsiria.

Ng'ambo, Bibi Odeta alikuwa amesimama gatini mikono kiunoni. Kila Ijumaa alikuja kuona mume wake anashuka na nani. Sasa akamwona anashuka na matarumbeta. Na pembeni yake, amemshika mkono, binti wa mjini mwenye sketi ya kung'aa.

Matarumbeta yalikatika moja baada ya lingine.

"Kumbe ndiye huyu!" alisema Bibi Odeta, huku anajifunga khanga kiunoni vizuri. "Na umeoa kabisa! Umeniletea na ngoma!"

"Bibi, shikamoo, mimi si—" alianza Aloo, lakini Bibi alikuwa ameshavua kandambili ya kwanza. Ikapita juu ya kichwa chake, ikaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa besi na kukwama humo. Aloo akajificha nyuma ya mzee, mzee akajificha nyuma ya Aloo, wakawa wanazunguka hapo gatini kama watoto wanaocheza.

Jonathan ndiye aliyeokoa jahazi. Akajitupa katikati na uso wake wa kijivu wa kichefuchefu, mikono juu.

"Mama! Mimi ndiye niliyekula hela!"

Kandambili ya pili ilibaki hewani, mkononi mwa Bibi.

"Yaani sisi. Benki. Akaunti ya mzee ilipungua shilingi arobaini, tukaitoza, halafu tukaitoza kwa kuwa tumeitoza, mpaka tukamaliza maziwa yote. Mzee hana mtu. Tumekosea, mama. Itarudi."

Bibi Odeta alimtazama mumewe. Mumewe alivua kofia ya pama, akaishika kifuani kama anayeapa. Bibi akamtazama tena Jonathan, tai yake, viatu vyake vyenye nyanya iliyopondeka.

"Shilingi arobaini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hata pipi hununui."

"Hununui, mama."

Akashusha kandambili, akaivaa. Akamsogelea mumewe, akamtengenezea kola ya shati ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Siku zote hizi," alisema kwa sauti ya chini, "hukuweza kunieleza vizuri?"

"Nilikueleza! Mambo yenyewe hayaelezeki!"

Hapo Bibi akawageukia wapigaji. "Nyie mmesimama nini? Toeni kiatu changu humo mpige tena. Mlipofika nilikuwa na hasira, sikusikia kitu."

Wakapiga. Bibi Odeta alicheza na mumewe mbele ya kijiji kizima, kuanzia gatini mpaka nyumbani, na kila aliyetoka mlangoni kuuliza aliambiwa na mzee mwenyewe, kwa sauti ya kutangaza, kwamba nyumba ndogo ni benki. Walikula samaki mpaka Nestory akalegeza mkanda. Harusi ya Kiseke kesho yake nayo ilifana, na hela ya kikundi ikarudi Jumanne, kama Bi Evelina alivyosema.

Lakini jioni ile, kwenye kivuko cha kurudi, Jonathan alikuwa amepakata jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya Bibi Odeta.

"Sheria za benki haziruhusu kupokea zawadi," alimnong'oneza Aloo kwa wasiwasi. "Nimfanye nini?"

"Mpelekee meneja."

"Meneja ndiye anayezisimamia hizo sheria!"

Jogoo akanyoosha shingo juu ya tai nyekundu, akawika kwa nguvu katikati ya ziwa. Mpiga besi akainua kichwa, akasikiliza, akaitafuta ile sauti kwenye chombo chake, akaikosa, akaitafuta tena. Mara ya tatu akaipata, na wote watano waliobaki wakadaka vyombo vyao, wakamfuata.