Fundi wa Mikono ya Kushoto

Mume wangu ni mkataji. Katika karakana yao ya sare wamo mafundi wa cherehani ishirini, lakini hakuna anayeshona mpaka yeye akate. Kazi hiyo anaifanya tangu binti yetu hajazaliwa, na mkasi wake haruhusiwi mtu kuugusa, hata mimi.

Mwanzoni mwa mwaka alikosea. Alisahau kugeuza kitambaa, akakata mikono ya mashati ya bunda zima, yote ya kushoto. Siku hiyo alinisimulia huku akicheka mwenyewe. Ila msimamizi mpya, ambaye mafundi wanamwita Bwana Futi kwa vile futi haimtoki shingoni, hakucheka. Tangu hapo akawa anasimama nyuma ya mume wangu na kupima upya kila mstari wa chaki. Asubuhi anamsalimia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Fundi wa mikono ya kushoto, leo tutapona?" Watu wanacheka. Ukicheka na bosi hupotezi kitu.

Nilidhani yataisha. Hayakuisha, yalihamia nyumbani. Anafunga mlango, anarudi kuujaribu, anarudi tena. Nikimwuliza kama chai imekolea, ananiuliza mimi naonaje. Kila neno linaanza na samahani, hadi nikamwambia, "Baba, hapa ni kwako, unamwomba nani radhi?"

"Samahani," akasema.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Iliniuma. Mwanamume aliyenioa alikuwa na maringo, na maringo yale ndiyo niliyoyapenda.

Kisha binti yetu akaleta kitambaa. Alikuwa anahitimu uuguzi Jumamosi, na gauni alitaka akatiwe na baba yake. "Nisipovaa lako, baba, sivai la mtu," akasema, akaondoka zake.

Kitambaa kikalala mezani tangu Jumapili. Mume wangu anachora, anafuta, anachora. Alhamisi jioni akaja jikoni, chaki mkononi.

"Mama, tumpelekee fundi mwingine. Mimi sijiamini tena."

Hapo nikapandisha mori. Nilimpita mlangoni, nikauchukua ule mkasi wake pale mezani, nikakata. Sijui nilikata wapi, nilisikia tu kitambaa kinaachia.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeharibu. Nimeharibu mimi, wewe huna kosa. Haya, tuone."

Akanipokonya mkasi. Alifoka, na alifoka vizuri: kwamba mimi ni kichwa maji, kwamba hata mbuzi angekitafuna kwa adabu zaidi. Mimi namsikiliza kwa raha, maana sauti ile nilikuwa nimeikosa siku nyingi. Na huku anafoka, anakata. Pale nilipopasua akapageuza mshono, kiuno kikashuka kidogo, upindo ukapanda. Chaki hakuigusa.

Jumamosi gauni likavaliwa, likamkaa binti yetu sawasawa. Sikujidanganya, lakini. Gauni moja haliponyi mtu, na Jumatatu ilikuwa palepale inatungoja. Asubuhi hiyo mume wangu alikaa kitandani muda mrefu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Niliogopa hatainuka. Akainuka, akaenda.

Jioni nikamwuliza, "Vipi kazini?"

"Nimemwambia Bwana Futi akague nikimaliza. Akisimama nyuma yangu naweka mkasi chini."

"Akasimama?"

"Akasimama. Nikaweka."

"Wee! Unataka kumwaga unga?"

"Nilikaa kwenye stuli yangu. Cherehani zikanyamaza moja moja, hakuna cha kushona. Mafundi wakawa wanamtazama yeye, si mimi. Mwishowe akaenda ofisini kwake."

"Na kesho akirudi?"

"Naweka tena."

Nikafikiria kodi ya nyumba. Nikamtazama, ameketi wima, ananitazama machoni, anasubiri niseme.

"Weka," nikamwambia.