Kitabu cha Gari Kinasema Kumi na Mbili

Kila Jumatatu Basil alijaza mafuta Masasi, akapakia miche ya mikorosho kwenye pikapu ya ofisi, akaipeleka Newala. Chini ya mlima alisimama, maana akina mama wenye madebe ya maji walikuwa wakimsubiri. Wote walikufa zamani, kabla mabomba hayajafika juu. Mama yake mzazi alikuwa wa tatu kwenye foleni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umekonda.”

Walipanda nyuma, wakisogeza miche. Basil aliendesha polepole, dirisha wazi, apate kuisikia ile sauti ya mama iliyokuwa ikimwamsha aende shule. Mlima ukiisha walishuka, kila mmoja na debe lake.

Kitabu cha gari kilisema lita moja, kilomita kumi na mbili. Basil alipata nane. Bwana Mujibu, msimamizi wa magari, alisema kuna mtu anayafyonza mafuta kwa mpira. Basil alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na hakuwahi kuitwa mwizi. Akamwomba aje aone.

Mujibu akaja. Aliwaamkia akina mama mmoja mmoja, akawasaidia kupandisha madebe, hata maji yao akanywa. Adabu anayo, hilo hatumnyimi. Waliporudi ofisini akaandika kwamba lita nyingi zimepotea.

“Lakini umewaona,” Basil alisema.

“Nimewaona, mzee wangu. Kwenye kitabu hawamo.”

Basil akaachishwa kazi kwa wizi wa mafuta. Safari ya mwisho, kabla hajakabidhi gari, alimweleza mama yake.

“Wewe? Hata sukari yangu hukuwahi kuidokoa,” mama alisema. “Na dereva anayekuja?”

“Anaitwa Yassini. Ana watoto wadogo.”

“Basi hatutapanda. Tutamsukuma, asije akaitwa hivyo na yeye.”

Wakamsukuma kweli. Yassini alipata kumi na mbili kamili, mlima na yote. Mujibu akabandika karatasi ukutani: gari ni zima, mwizi alikuwa Basil. Masasi nzima ikaisoma, na kanisani watu wakaanza kusogea mbali na benchi lake.

Jumatatu iliyofuata Basil alipanda basi, akashuka chini ya mlima. Pikapu ilipofika, alimtua mama yake debe kichwani, akalibeba yeye, ili mama asukume kwa mikono miwili.