Kotapini ya Upande wa Kushoto

Paschal alipotoka gerezani, baada ya kutumikia miaka miwili, maneno aliyowaambia watu wa kwao Nduguti yalikuwa yaleyale aliyomwambia hakimu: "Usukani ulikataa." Aliyasema siku ya ajali akiwa amekaa pembeni ya barabara na damu ikimchuruzika puani. Akaendelea kuyasema miaka mingine minne, kwenye vilabu, kanisani na shambani, mpaka yakawa kama jina lake la pili.

Alikuwa dereva wa mzee Pradeep, mfanyabiashara wa vitunguu na nafaka wa Singida mjini. Alimwendesha miaka kumi na moja katika Land Rover moja kuukuu, iliyojulikana kwa mlio wake kabla haijaonekana. Asubuhi moja, wakirudi mjini na mzigo wa vitunguu, gari liliacha barabara kwenye kona yenye karavati, likapiga jabali na kupinduka. Paschal alivunjika mbavu mbili. Mzee Pradeep alikufa palepale.

Hakimu hakukubali habari ya usukani, lakini watu waliikubali, na aliyeikubali kuliko wote ni mjane wa marehemu, mama Gita. Sasa usukani haukatai wenyewe. Wiki mbili kabla ya ajali, fundi Mughwai wa mtaa wa Utemini mjini alikuwa amebadilisha tairodi za gari lile, vyuma vinavyopokea amri ya usukani na kuipeleka kwenye magurudumu. Hakuna aliyemshtaki wala kumtukana. Watu waliacha tu kumpelekea magari. Haukupita mwaka gereji yake ikafa, akauza spana zake moja moja, akaenda kuponda kokoto kwenye majabali nje ya mji.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya alizeti, mama Gita alimwita Paschal dukani.

"Lile gari linaozea nyuma ya ghala," alimwambia. "Mwanangu Bhargav anataka tuliuze chuma chakavu. Mimi nimekataa. Wewe ulifungwa bure kwa ajili ya nyumba hii. Lichukue, Paschal. Litengeneze likulishe."

Paschal alishukuru kwa mikono miwili. Gari likapakiwa kwenye lori hadi Nduguti, likashushwa ubavuni mwa nyumba yake.

Hakuwa fundi kamili, ila dereva wa miaka mingi hujua gari lake kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Kutu ilikuwa imekula kila mahali. Bawaba za milango zilikuwa zimeshikana, bolti za bodi zimevimba hata spana haikuingia. Alizimwagia mafuta ya taa, akasubiri, akazigonga taratibu, akazifungua moja moja. Kila alipotoa bolti aliitunga kwenye waya pamoja na nati na washa zake, kila waya na mahali pake: mlango wa kulia, boneti, springi za nyuma. Kisha akaanza kuzisafisha. Alizilaza kwenye maji ya betri aliyoyazimua ndani ya ndoo ya plastiki, akizigeuza kwa kijiti, akaziba pua kwa kitambaa maana mvuke wake ulikwaruza koo. Akazisugua kwa brashi ya waya, akamalizia kwa msasa mpaka chuma kikatoa weupe. Zile ndogo alizipasha kwenye jiko la mkaa zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye oili chafu. Zilitoka nyeusi, laini, na kutu haikuzirudia. Bawaba alizipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Vidole vyake vilipasuka, kucha zikageuka rangi ya kahawia, lakini kwa mara ya kwanza tangu atoke kifungoni alikuwa akila chakula chake chote.

Mkewe Eliza alimtazama wiki tatu nzima. Siku moja akamuuliza, "Baba Yohana, mbona huko kwenye usukani huendi? Si ndiko kulikokufunga? Mimi ningeanzia huko."

"Huko ni kazi kubwa. Nitamalizia nako."

Paschal hakuona ubaya wa jibu lake. Kusafisha vyuma vya bodi kulipokwisha, alihamia kwenye breki. Breki nazo zikaisha. Ikabidi aingie chini.

Tairodi ya kulia ilikuwa imepindwa na jabali, lakini imeshika kila upande. Ya kushoto ilikuwa bonge moja la kutu na udongo mgumu, huwezi kujua nati ni ipi na bolti ni ipi. Basi akajua ni hapo. Alilifunga bonge lile kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akaliacha siku mbili. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, alilala chali chini ya gari na kuanza kusugua. Udongo ulimwangukia machoni, naye akasugua. Nati ikatokea, imekaza mpaka mwisho wake. Katikati ya nati ikatokea kotapini, kile kipini cha waya ambacho fundi hukipenyeza kwenye tundu la bolti ili nati isijifungue njiani. Ilikuwepo, nzima, miguu yake miwili imekunjwa vizuri, mmoja juu ya bolti na mwingine chini, ubavuni mwa nati.

Paschal alishika chuma kile kwa mikono miwili akakitikisa. Hakikucheza. Akatambaa hadi kwenye boksi la usukani, akasugua, akatikisa. Hakuna kilichokatika wala kulegea. Usukani wa gari lile haukuwa umekataa kitu.

Alibaki amelala pale chini. Akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisahau, ila alikuwa amelikalia. Walikuwa wamepakia vitunguu usiku mbili mfululizo. Asubuhi ile mzee Pradeep alimwambia, "Tupumzike kidogo, Paschal, tutaondoka mchana," naye akajibu, "Niko sawa, mzee." Jua likawapiga kwenye kioo, ndani ya gari kukapata joto, injini ikavuma kwa sauti moja. Kisha akasikia jina lake. Mzee hakupiga kelele. Alimwita polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake katika chumba ambamo wengine wamelala: "Paschal." Alipofumbua macho, jabali lilikuwa limeshafika.

Alichukua koleo, akainyoosha miguu ya kotapini na kuichomoa. Sasa nati ilikuwa haina cha kuizuia. Mtu yeyote angekuja angeona vile alivyosema siku zote. Akaitia kotapini mfukoni mwa shati, akatoka chini ya gari.

Eliza alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa ndani ya ungo wa mtama.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi itupe chooni. Nililima peke yangu misimu miwili. Watoto waliitwa watoto wa mfungwa, wakazoea. Sasa unataka waitwe watoto wa muuaji?"

Paschal aliona anachosema kina haki yake. Hakuitupa, lakini pia hakwenda popote. Kesho yake alipita jirani yake Filipo, akasimama kulisifu gari, akauliza, "Sasa umepaona pale usukani ulipokatikia?"

"Nimepaona," Paschal alisema.

Filipo akatikisa kichwa kwa huruma akaenda zake. Miaka sita Paschal alikuwa amesema neno lile huku nusu ya moyo wake ikiliamini. Siku hiyo alidanganya, na alijisikia akidanganya. Hakushika brashi tena. Jumatatu akapanda basi la Singida.

Alimkuta Mughwai kwenye majabali, amekaa chini ya kivuli cha gunia, nyundo mkononi na rundo la kokoto mbele yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe. Kipande cha jiwe kilikuwa kimelipiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee aligeuza jicho lake zima. "Sauti yako naijua. Wewe ni dereva wa Pradeep."

Paschal alichuchumaa, akamwekea kotapini kiganjani. Mughwai aliipapasa kwa kidole gumba.

"Imetoka wapi?"

"Tairodi ya kushoto. Nimeichomoa mwenyewe wiki iliyopita. Nati ilikuwa imekaza, mzee. Kila kitu kilikuwa kimeshika. Nililala usingizi."

"Ilikunjwa vipi?"

"Mguu mmoja juu ya bolti, mmoja chini kwenye nati."

"Ndivyo ninavyokunja." Aliitazama tena, muda mrefu. "Mke wangu alikuwa akiniuliza kila mara, niambie mimi tu, ulisahau? Nikawa naapa. Nikaapa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wote wakisema jambo moja, na wewe uko peke yako, mwisho unaanza kuutilia shaka mkono wako mwenyewe. Mwaka jana alipokuwa kitandani akaniuliza tena. Nikamwambia, labda nilisahau. Akafa wiki ile."

Paschal alipiga magoti kwenye vumbi la mawe. "Nisamehe, mzee wangu."

"Leo usinipe kazi hiyo," Mughwai alisema, akamrudishia kotapini. "Mpelekee yule mama." Akaokota jiwe jingine, akaliweka sawa chini ya nyundo.

Dukani, mama Gita alikuwa amekaa nyuma ya meza, na Bhargav akipima maharage. Paschal alisema yote akiwa amesimama. Bhargav aliacha kupima. Mama Gita hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Miaka yote hii nilikuuliza kama alisema neno lolote. Ulinijibu hakusema kitu."

"Aliniita jina, mama. Aliniita mara moja. Polepole."

Mama Gita aliinamisha kichwa. "Mke wa yule fundi alikuja msibani," alisema baadaye, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Nilimtoa mlangoni, mbele za watu." Akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga pazia. Bhargav alimwambia Paschal, bila hasira, kwamba lori litakuja kulichukua gari siku ya Alhamisi.

Kabla ya kupanda basi Paschal alipita Utemini, kwenye gereji zinazofuatana, akawaambia mafundi kwamba Mughwai hakukosea. Wengine waliitikia vizuri. Wawili wakacheka wakauliza Mughwai amemlipa ngapi. Mmoja wao alikuwa na spana za Mughwai mkononi.

Alhamisi lori lilikuja na mnunuzi wa chuma chakavu. Paschal aliwasaidia kupakia. Zile bolti zote, nyeusi na safi, bado zimetungwa kila waya na mahali pake, mnunuzi alizirusha juu ya rundo la mabati na vyuma vya kutu, akasema uzito ni uzito. Eliza hakutoka nje. Mwezi uliofuata alikwenda na mtoto mdogo kwa mama yake, akarudi msimu wa kupanda ulipoanza, maana shamba haliwezi kungoja.

Mughwai angali anaponda kokoto. Mama Gita alimtuma Bhargav kwake mara mbili na gari, amlete nyumbani azungumze naye. Mara zote mbili mzee alijibu kwamba jicho moja halitoshi kazi ya ufundi, na kwamba aliyekuwa akitaka kusikia hayo hayupo tena.