Tangazo la Saa Sita Mchana

Thoa alimgeuza Bibi Kudo ubavu, akamvua nepi iliyolowa na kubana pumzi. Kichefuchefu kilimpanda hadi kooni, akakimeza. Chumba kile zamani kilikuwa darasa la tatu. Watoto walipopungua kijijini, shule iligeuzwa nyumba ya wazee, na Bibi Kudo akarudi kulala pale pale alipojifunzia kusoma, miaka themanini na ushee iliyopita.

"Una mimba wewe," bibi alisema, macho yakiwa darini.

"Hapana, bibi."

"Nimezaa watano, usinidanganye. Wote wako Tokyo, hata kadi ya mwaka mpya hawatumi. Huyo wako usimpeleke Tokyo."

Thoa alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaitwa ofisini.

Mezani palikuwa na mfuko wa takataka. Kijijini hapo kila aina ya taka ina siku yake, mifuko inaonyesha kila kilichomo, na mwenye mfuko huandika jina lake juu. Thoa alikuwa amechanganya plastiki na taka za kuchoma. Wazoa taka wakaubandika mfuko karatasi nyekundu na kuurudisha kwa meneja, kipimo cha mimba kikionekana hata kwa asiyetaka kukiona.

Meneja Sugawara aliona haya, akatazama dirishani. Bwana Hatakeyama, wakala aliyemleta Thoa kutoka Vietnam, haya hakuwa nazo. Alimsogezea karatasi na kalamu.

"Andika: narudi kwetu kwa hiari yangu, kwa sababu binafsi. Ndege ni leo jioni. Sanduku lako tumeshalifunga."

Walikuwa wameingia chumbani kwake wakati yeye anaosha wazee. Thoa hakuigusa kalamu.

"Sheria yenu inakataza kumfukuza mwenye mimba."

"Nani kakufukuza? Si nimesema kwa hiari?"

"Hiari ya nani?"

"Sikiliza, binti. Umeletwa kulea wazee. Hukuletwa kuzaa."

"Na wazee wakiisha, mtamlea nani?"

Meneja alikohoa. "Bwana Hatakeyama, nina watumishi wanne kwa wazee thelathini. Akiondoka huyu..."

"Mwezi wa nne nakuletea mwingine. Mdogo zaidi."

Alisema hivyo kama mtu anayebadilisha friji. Hapo woga wote wa Thoa ulikatika. Miaka miwili alikuwa ameinama, akisema samahani hata pale alipokanyagwa yeye. Aliiacha kalamu mezani, akatoka, akavuka barabara yenye theluji akiwa na ndara za ndani, mpaka ofisi ya kijiji.

Karani, Mama Odashima, alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliposikia shida ya mgeni wake alifungua kabati, akapekua weee, mwishowe akatoa kitabu cha mama na mtoto na kukipuliza vumbi.

"Miaka sita sijatoa hiki! Na baba yake?"

"Yuko Nagoya, anajenga daraja. Tutaoana."

"Mwanangu, umetuletea heri." Machozi yalimlengalenga. "Ukiruhusu, tutatangaza kwenye vipaza sauti. Siku hizi natangaza misiba tu, na dubu wanaoshuka kutoka mlimani."

"Tangaza."

"Na jina?"

"Jina langu na ninapofanya kazi. Nataka wasikie wote."

"Basi saa sita kamili. Hutangazwa mara mbili, ndiyo kawaida yetu."

Thoa aliporudi alikuta gari la Hatakeyama getini, buti wazi, sanduku lake ndani. Alilivuta likaanguka kwenye theluji. Akalikalia.

"Inuka," Hatakeyama alisema.

"Siinuki."

"Unajiharibia. Nitaita polisi."

"Waite. Na mimi nitawaeleza nani kaingia chumbani kwangu."

Hatakeyama alitoa simu. Meneja Sugawara alisimama mlangoni na ile karatasi isiyoandikwa kitu, asijue aende upande gani. Kipaza sauti kwenye nguzo juu yao kikakwaruza, kisha sauti ya Mama Odashima ikaenea kutoka mlima hadi mlima.

"Wanakijiji, hongereni! Bi Thoa wa nyumba ya wazee anatarajia mtoto, wa kwanza kijijini kwetu baada ya miaka sita. Sote tumtunze mama huyu. Yeye ndiye kesho yetu."

Madirishani wazee walianza kupiga makofi. Waliopooza walipiga mapaja yao kwa mkono mmoja. Bibi Kudo, aliyesukumwa hadi dirishani kwenye kiti chake, alipaza sauti: "Niliwaambia!"

Hatakeyama aliziba sikio moja kwa kidole.

"Ndiyo, afande," alisema kwenye simu. "Mgeni. Amekataa kuondoka nchini. Fanyeni haraka, tafadhali, ndege itamwacha."

"Tunarudia," kipaza sauti kikasema. "Wanakijiji, hongereni!"