Jibini ya Uswisi

Mbunge Lyle Brzezicki hakuogopa kuulizwa nani aliyemlipia safari ya Uswisi. Taasisi moja ya wafanyabiashara ililipa ndege, hoteli na chakula, kamati ya maadili ikaruhusu, na sheria ikataka akirudi yote yawekwe wazi kwa umma. Hayo hayakumnyima usingizi. Alichoogopa ni jibini.

Kwao Wisconsin, jimbo linalojivunia jibini yake kuliko kitu chochote, mtu husamehewa talaka, hata kukwepa kodi. Lakini mtoto wa wafugaji, aliyechaguliwa kwa picha yake akiwa amekumbatia ng'ombe, aende akale jibini ya wageni? Hilo halina dawa.

"Corinne, ile ratiba," alimwambia msaidizi wake ofisini Washington, mlango ameshaufunga. "Palipoandikwa kuonja jibini, weka mazungumzo na wataalamu wa maziwa."

"Bosi, tulionja kila jioni. Na hapa tunatia sahihi wote wawili."

"Sawa. Habari zikifika nyumbani, utafute kazi nyingine."

Corinne Vandehey aliipenda kazi ile mno. Alianzia kwenye kupokea simu za wapiga kura wenye hasira, akapanda hadi akawa anasafiri na mheshimiwa. Mchana kutwa alikaa na zile karatasi, roho juu. Akidanganya, atafungwa, akisema kweli, atafukuzwa. Akaona bora afukuzwe. Akaambatanisha ratiba kama ilivyo, pamoja na jioni ambayo wageni walipigia kura jibini bora, akampelekea bosi. Bosi naye, kama ilivyo desturi yake, akasaini bila kusoma.

Taarifa ikawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Lyle alijipa moyo kwamba hakuna mwenye akili timamu anayesoma vitu vile. Alimsahau mama yake. Bi Arlene na wazee wenzake, kila Jumapili baada ya misa, walikuwa wakifungua kompyuta ya parokia na kusoma safari za wabunge wa nchi nzima huku wakinywa kahawa. Tamthilia yao ndiyo hiyo.

Ijumaa iliyofuata, mbunge alikwenda nyumbani kwenye mlo wa samaki wa kukaanga, ule wa kila Ijumaa katika ukumbi wa parokia, kama kila mwanasiasa wa kule anayetaka kura. Corinne alikuwa nyuma yake. Hajamaliza kusalimia meza ya kwanza, mama yake akagonga glasi kwa uma, ukumbi ukanyamaza.

"Lyle, mwanangu. Ile jibini uliyoipigia kura, ilikuwa tamu?"

Mheshimiwa akawa mwekundu kama nyanya. Akaanza kueleza kwamba walipakodi hawakutoa hata senti. Mama akamwambia hakuulizwa bei. Hapo Lyle akamwonyesha kidole msaidizi wake.

"Muulizeni Corinne. Yeye ndiye aliyeandika."

Corinne alijua kazi imekwisha. Ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi.

"Alikula yake, akala na yangu," akasema. "Halafu akaomba ya kubeba."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata padri. Lyle akamwinamia Corinne na kumnong'oneza kwamba Jumatatu asije kazini. Mama yake ana miaka themanini na miwili, lakini masikio yake ni mazima.

"Jumatatu atakuja," akasema Bi Arlene. "Asipokuja yeye, na wewe anza kuzoea kukaa nyumbani. Meza hii yote tunapiga kura."

Kisha akasukuma sahani ya jibini changa, iliyotengenezwa asubuhi hiyo hiyo, ambayo kwa upya wake ikitafunwa hulia kwenye meno. Lyle akatia tonge mdomoni. Watu wakatega masikio, kimya, mpaka waliposikia ikilia. Mzee mmoja akapiga makofi.

"Binti," Bi Arlene akamwita Corinne, "na hii uiandike. Mfadhili, mama yake."