Majibu Safi Mara Tatu

Kufikia Septemba, Marlys Tollefsrud alikuwa ametokwa na majimaji ukeni kwa miezi kumi na mmoja, na hakuna aliyeijua hesabu yake kuliko yeye: pedi nne kwa siku, tano siku za kuvuna mahindi. Haukuwa ule ute ambao mwanamke wa miaka arobaini na tisa ameuzoea kama kiganja chake. Yalikuwa maji mepesi, ya njano inayoelekea kijani. Hayakunuka sana, lakini yalichoma. Kukojoa kulichoma, kukaa kwenye trekta kulichoma, na tangu Februari hakuwa amelala na mumewe. Orrin aliuliza mara moja tu, kama wafanyavyo wanaume wa bonde lile. Alipojibiwa "si kitu," alirudi kwa ng'ombe wake.

"Habari njema," alisema Kessler, muuguzi aliyekuwa akitibu wagonjwa katika kliniki ya mji, akigeuza kompyuta ili Marlys naye aone. "Hakuna fangasi, hakuna bakteria wabaya, hakuna ugonjwa wa zinaa. Kila kitu safi."

"Mara ya kwanza pia kilikuwa safi. Na ya pili. Bado ukanipa dawa ya fangasi mara mbili."

"Tulikuwa tunajaribu, mama."

"Na haya majimaji yanatoka wapi, kama kila kitu ni safi?"

Kessler alitabasamu kwa upole wa mtu mwenye wagonjwa wengine wanne nje. "Umri, mama. Hedhi inakaribia kukoma, mwili unatafuta mizani yake."

"Mama yangu naye aliambiwa ni umri."

Kessler aliacha kuchapa.

Marlys akamweleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Mama yake, Ardis, alianza kutokwa na maji akiwa na miaka hamsini na minane. Aliambiwa ni umri. Akavumilia mwaka mzima. Halafu akapata wiki mbili nzuri, kavu kabisa, akasema ameshapona. Wiki ya tatu ikaja damu. Alikuwa na saratani ya mji wa mimba, na tangu siku ile ya damu hadi siku ya kuzikwa ilipita miezi mitano. Majirani walileta mabakuli ya nyama na viazi vya kuoka, wakasema pole, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake, na tangazo la kifo gazetini lilisema "baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Nitakuandikia barua kwa daktari bingwa wa wanawake, kule jiji la Madison," alisema Kessler, na sasa hakutabasamu. "Foleni yake ni wiki tano."

Wiki tano ni siku thelathini na tano. Marlys alizihesabu akiendesha gari kurudi nyumbani, ingawa hazikuhitaji kuhesabiwa.

Jumamosi iliyofuata yeye na Orrin walikuwa kwenye banda la kukamulia, wamesimama nyuma ya ng'ombe namba mia mbili na kumi na mbili. Karatasi ya mwezi ilikuwa imefika, ile inayoonyesha idadi ya seli katika maziwa ya kila ng'ombe, na ya huyu ilikuwa imepanda mara tatu. Lakini maziwa yake yaliyopelekwa maabara yalirudi bila mdudu.

"Basi mzima huyu," alisema Orrin. "Maabara wamesema hana kitu."

"Maabara walitafuta mdudu. Hawakuhesabu seli. Seli nyeupe za kinga hazijazani mahali bure, Orrin. Umenisikia nikisema haya miaka ishirini."

Akachukua kibao cheupe cha plastiki chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, akakamulia kidogo katika kila kimoja, akamimina ile dawa ya zambarau na kukizungusha. Vikombe vitatu vilibaki maji. Cha nne kiliganda polepole, kikawa kizito kama yai bichi linalovutika. Ndiyo dalili: panapokuwa na seli nyingi, dawa huzipasua na mchanganyiko huganda.

Marlys alikitazama kile kikombe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maabara walitafuta mdudu. Hawakuhesabu seli.

"Vipi?" aliuliza Orrin.

"Hakuna. Chuchu ya nyuma kushoto."

Kwenye kabati la banda kulikuwa na kibao kipya ambacho hakijafunguliwa. Alikichukua pamoja na chupa ya dawa, akaenda chooni na kujifungia. Alifanya kazi ile kama alivyofundishwa katika chuo cha mifugo, taratibu na bila kuruka hatua: kijiti cha pamba, maji safi kidogo, tone kwa tone. Kisha akakizungusha kibao.

Kiliganda. Zambarau yake ilibaki imekoza, na kile kitu kilijikusanya katikati ya kikombe, kikatetemeka.

Alikaa juu ya kifuniko cha choo, akajikumbusha kuwa kipimo kimoja bila cha kulinganisha si ushahidi. Huenda kila mwanamke angegandisha dawa ile. Alihitaji mwanamke mzima.

Mdogo wake, Joleen, mwenye miaka arobaini na minne, alifika saa nane mchana kuchukua maboga ya kupamba baraza.

"Tone tu," Marlys alimwambia jikoni. "Kwa kijiti cha pamba. Mlango una kufuli."

Joleen alimtazama. "Dada. Mimi nimefuata maboga."

"Utayapata."

"Yaani unanipima kwa kifaa cha ng'ombe?"

"Nimeanza kujipima mwenyewe."

"Na maziwa yangu yakikataliwa, utanimwaga au utanichinja?" Joleen alicheka sana, akitegemea dada yake atacheka pia. Alipoona hacheki, kicheko kikamfia mdomoni. "Lete hicho kijiti."

Cha Joleen kiligeuka njano mara moja, rangi ya dawa ile inapokutana na uchachu wa mwili mzima, kikateleza kikombeni kama maji. Vikombe viwili ubavu kwa ubavu: kimoja njano, kinatiririka, kingine zambarau, kimeganda.

"Sasa hii ina maana gani?" aliuliza Joleen.

"Maana yake mwili wangu unapigana na kitu, na mara tatu maabara haijakiona."

"Kitu gani?" Kisha, kwa sauti ya chini, ingawa nyumba ilikuwa tupu: "Ile ya mama?"

"Kibao hakisemi. Kinaonyesha wingi tu."

Joleen aliketi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu mama yao alipougua, naye ndiye aliyekuwa akimbadilisha mashuka. "Orrin anajua?"

"Hajui."

"Mwaka mzima? Dada, mficha uchi hazai. Ukiendelea hivi utamwambia ukiwa kwenye jeneza?"

Marlys alimwambia Orrin jioni ile mezani, kwa sentensi nne. Orrin alishusha uma.

"Madison nakupeleka mimi," alisema.

"Ni siku nzima. Nani atakamua mchana?"

"Watasubiri."

Katika miaka ishirini na saba Orrin hakuwahi kuwaacha ng'ombe wasubiri, hata siku ya msiba wa baba yake. Marlys alilielewa jibu lile, na badala ya kumtuliza likamwongezea hofu.

Wiki tano zilipotimia, Daktari Ostby, yule bingwa, alikuwa kijana kuliko Marlys alivyomtazamia, tena mjamzito wa miezi saba hivi, anakaa kwa kujishikilia meza. Marlys alimpa karatasi moja: tarehe, dawa alizotumia, idadi ya pedi, historia ya Ardis, na mwishoni mistari miwili kuhusu kibao. Ile ya mwisho alikuwa ameiandika, akaifuta, akaiandika tena. Alijiandaa kuchekwa.

Daktari alisoma hadi mwisho, akarudia mistari ile miwili. "Nani alikufundisha hiki kipimo?"

"Ng'ombe."

"Walikufundisha vizuri. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuweka majimaji yako chini ya hadubini, mbele yako, siku ile ile?"

"Hapana. Walituma pamba maabara."

"Maabara hutafuta majina yaliyoandikwa kwenye fomu. Lisilo kwenye fomu halitafutwi." Alikuwa ameshasimama. "Panda kitandani, mama. Kifaa kitakuuma kidogo, samahani."

Kilimuuma sana. Daktari alichukua majimaji kwa kijiti, akagusisha kipande cha karatasi ya kupima asidi kilichobadilika rangi papo hapo, akapaka mengine kwenye kioo, akaenda kwenye hadubini iliyokuwa pembeni ya chumba kile kile. Marlys alilala chini ya shuka la karatasi akihesabu vigae vya dari. Alifika thelathini na nane.

"Njoo uone mwenyewe," alisema daktari.

Alijifunga shuka, akainama. Alijua anachokitazama kabla hajaambiwa: seli nyeupe juu ya seli nyeupe, zimesongamana kama kondoo zizini, na kati yake seli changa za mviringo ambazo hazikupaswa kuwa pale. Bakteria wazuri, wale walinzi wa kawaida, hakuona hata mmoja.

"Hizi za mviringo ni za tabaka la chini," alisema Daktari Ostby. "Uke wako umevimba na unachubuka utando wake. Ni ugonjwa unaojulikana, si wa kuambukizwa, hukumkosea mtu na hakuna aliyekukosea. Una dawa ya kuingiza kila siku kwa wiki nne. Wengi hupata nafuu. Kwa baadhi hurudi."

"Unasababishwa na nini?"

"Hatujui."

Lilikuwa jibu la kwanza katika mwaka mzima ambalo Marlys aliliamini bila kulihoji. Nusu ya mzigo ilimtoka kifuani. Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alikuwa ameshika picha ya tumbo iliyopigwa asubuhi.

"Hiki nilichokiona kinaeleza majimaji. Hakinielezi kizazi. Utando wa ndani ni mnene kidogo. Kwa umri wako, mara nyingi ni kawaida. Kwa mtu ambaye mama yake alianza vile, siwezi kuuacha. Nataka kukata kinyofu nikipeleke kupimwa. Majibu ni siku tisa."

"Inawezekana mtu awe na yote mawili?"

"Inawezekana," alisema daktari, akimtazama usoni.

Njiani kurudi Orrin aliuliza, "Wamesemaje?" Marlys akamweleza yote, mpaka lile neno lenyewe, saratani. Orrin akasema, "Haya," na akaweka mkono wake juu ya goti la Marlys, akauacha hapo mpaka kwenye lango la shamba.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya nne pedi tatu. Siku ya sita mbili. Siku ya nane moja, tena karibu kavu. Mtu mwingine angefurahi. Marlys aliikagua ile pedi kavu kwenye mwanga wa dirisha, na kilichomjia kichwani ni mama yake amesimama jikoni katika zile wiki zake mbili nzuri, anaimba, anasema ameshapona. Nafuu haikuwa ushahidi wa chochote. Siku hiyo hiyo alikaa akaandika kurasa tatu kwa ajili ya Orrin: ng'ombe gani amewahi kupewa dawa gani, pampu ya maziwa inavyofunguliwa, namba ya mtu wa matangi. Aliziweka kwenye droo ya banda. Jioni droo ilikuwa wazi kidogo; Orrin alikuwa amezisoma.

Siku ya tisa ilikuwa siku ya lefse. Kila Novemba wanawake wa kanisa hukusanyika katika chumba cha chini kusukuma chapati zile nyembamba za viazi, mamia kwa mamia, kwa ajili ya chakula cha hadhara. Marlys alikuwa kwenye kikaango na kijiti chake kirefu cha kugeuzia, Joleen akisukuma unga kando yake, simu ilipotetemeka mfukoni.

"Dada, zinaungua," alisema Joleen. Kisha akauona uso wake, akampokonya kijiti.

Marlys aliingia kwenye chumba kidogo cha makoti, akafunga mlango.

"Bi. Tollefsrud? Ni Ostby. Kinyofu hakina saratani. Hakina hata seli zinazoelekea huko."

"Una uhakika kiasi gani?"

"Kwa kile nilichokata, uhakika kamili. Nisichokikata sikijui. Ndiyo maana nitakupiga picha tena baada ya miezi sita, na hadubini tena wiki ya nne."

"Asante," alisema Marlys. Simu ilipokatika alikuwa bado ameishikilia sikioni. Akashika koti la mtu, la sufi, lenye unyevu wa theluji.

Mlango ulifunguka. Joleen alisimama na unga mpaka kwenye viwiko.

"Kwa sehemu iliyokatwa," Marlys alianza, "hakuna dalili ya..."

"Usinipe ripoti! Nipe jibu."

"Hakuna kansa."

"Rudia."

"Hakuna kansa, Joleen. Miezi sita, picha nyingine. Na huu wa uke unaweza kurudi."

Joleen alimshika mabegani kwa mikono yake ya unga, akamtikisa, akaanza kulia kwa kelele. Nje mazungumzo ya wanawake yakakatika ghafla. Kisha sauti ya mtu ikauliza kutoka kwenye kikaango, kwa woga, ni nani aliyefariki.

"Hakuna aliyefariki," Marlys alijibu kwa sauti, akijipangusa unga mabegani. "Nakuja."