Namba Nilizojaza Kwenye Kadi ya Mwanangu

Mama wenzangu, nayaandika haya ili yasiwakute. Niliishia darasa la saba, lakini kujaza kadi sikushindwa. Ningeshindwa ingekuwa heri.

Binti yangu ana miaka tisa, na tangu anatambaa ana pumu ya ngozi. Viwiko, shingo, nyuma ya magoti, kote kumepasuka. Nimemlaza na soksi mikononi asijikune. Nimefua mashuka yenye damu mpaka vidole vikachubuka. Tukasikia watu wa maabara wametengeneza dawa mpya ya kupaka, wanataka watoto wa kuijaribu. Tukaenda.

Aliyetupokea ni msichana tu, koti jeupe, hata mtoto mmoja hajazaa. Alichukua kipande cha ngozi ya mwanangu, kidogo kama punje ya mchele, akakiotesha kwenye kisahani. Baadaye akamwonyesha kwenye hadubini. Mwanangu alirudi anaruka.

"Mama, ngozi yangu inaishi kwa Anti! Na kule haiwashi!"

Nilicheka, lakini kitu kilinichoma.

Dawa ikashika. Ngozi ikaanza kufunga, na sifa zote zikaenda kwa Anti. Anti kasema hivi, Anti ana mikono laini. Mimi wa mashuka, hata asante kavu sikuiona.

Mume wangu akanitania. "Wenzio wanaonea wivu waume zao, wewe daktari wa ngozi!"

"Nani akuonee wivu wewe, na hicho kitambi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jioni moja nampaka dawa, mtoto akavuta mkono. "Sivyo, mama. Anti anashusha taratibu, hasugui kama anafua."

Kila jioni nilitakiwa kuandika kwenye kadi namba ya muwasho. Sifuri hajikuni kabisa, kumi halali usiku kucha. Siku ile ilikuwa mbili. Nikaandika nane, nikatia sahihi. Kesho yake tisa. Nilitaka yule msichana naye ashindwe kidogo, mwanangu aone. Nikaendelea hivyo wiki tatu.

Siku ya kliniki alisoma kadi, akamgeuza mtoto huku na huku.

"Ngozi imetulia, mama, lakini namba zinasema anateseka."

"Siwashwi sana, Anti," mtoto akasema.

"Wewe umelala, utajuaje?" nikamkata. "Mimi ndiye ninayekesha naye."

Msichana akaniangalia kwa heshima. "Kweli. Mama ndiye anayemjua mtoto."

Jamani, neno lile nililingoja miezi! Nikajaa kifuani. Sikumaliza hata kulifurahia, akakusanya tyubu zetu zote, akazitia kwenye mfuko, akaufunga.

"Basi huenda dawa inamdhuru kwa ndani. Kwa usalama wake tunamsimamisha leo."

Ningesema nini mbele ya mtoto? Tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Wiki ya pili shingo ikapasuka tena. Mtoto alijikuna huku analia. "Mrudie Anti, mama, muombe." Nikaenda peke yangu, nikasema yote, hata la wivu.

Hakunifokea. Alichukua kalamu.

"Namba zilizotiwa sahihi hazifutwi, mama. Nitaandika pembeni ulichosema, wakubwa wataamua wazihesabu au la. Lakini aliyetolewa harudishwi kwenye jaribio hili."

"Sasa mwanangu ataipata lini?"

"Ikifaulu, itauzwa. Labda miaka minne, mitano."

"Na isipofaulu?"

Akafunika kalamu yake. Watoto walioingizwa kwenye utafiti ule ni arobaini na mmoja, na mateso niliyoyabuni yamo humo inamopimwa dawa, pamoja na namba za mama waliosema kweli. Mtoto nimemweleza. Sasa anajipaka mafuta mwenyewe, mlango amefunga.

Ukipewa kadi, mama mwenzangu, andika unachokiona kwenye ngozi ya mwanao. Kilichoko moyoni mwako kamwambie dada yako.